Stimu Si Stima: Wapiganaji Walikula na Kunywa Nini Hasa?

Ubishi ulianzia stejini, kando ya soko la Kariokor jijini Nairobi, mwendo wa saa kumi na mbili jioni, wakati wanabodaboda wanapongoja wateja wa Eastleigh na Pangani. Kijana mmoja alikuwa na video kwenye simu: morani wanaruka, na sauti ya mtu asiyeonekana inanadi unga wa magome, shilingi mia mbili pakiti, ati ndio siri ya mashujaa. Mwenzake akaguna, akainua mfuko wake wa muguka, yale majani ya kutafuna. "Waliokuwa wanapigana walitafuna hii." Wa tatu alikuwa na mkebe wa kinywaji cha kuongeza nguvu, naye akaapa kwamba ndani yake mna mbegu za fahali. Mzee muuza kahawa hakutia neno, alimimina tu. Kabla sijamaliza kikombe changu hukumu ilikuwa imeshatolewa: "Zote ni moja, buda. Stimu ni stimu."

Sisi Wakenya tuna maneno mawili yanayokaribiana. Kuna stima, umeme tunaoununua kwa tokeni. Kuna na stimu, ile hali ya mtafunaji jaba, yaani miraa au muguka: macho makavu, mdomo hauishi maneno, mipango ya kujenga ghorofa saa nane usiku. Nadhani mkanganyiko wetu unaanzia hapo. Watu huchukulia kwamba stimu ni aina ya stima, kwamba kitu kilichokuchangamsha lazima kimekuongezea kitu mwilini. Ukifuatilia waliyokula na kunywa wapiganaji wa zamani, mahali pengi na enzi nyingi, unakuta karibu kila mara jambo ni tofauti.

Tutenganishe maneno kwanza. Chakula ni kile ambacho mwili hukivunjavunja ukapata joto na mwendo: uji, nyama, siagi, asali, tende. Kichangamsho ni kile kinachogusa ubongo na mishipa ya fahamu ukajiona macho, huna njaa sana, hujachoka sana. Chenyewe hakina lishe ya kutajika. Kileo, kama pombe, hufanya kinyume, maana hupunguza kasi ya ubongo, ingawa glasi ya kwanza humdanganya mnywaji kwamba amechangamka. Na kuna kundi la nne ambalo vijana wa stejini hawakulitaja: vitu vinavyofanya kazi kwa sababu mnywaji na wenzake wameviamini.

Mwanabodaboda ataelewa haraka kwa mfano wa pikipiki yake. Chakula ni petroli. Pikipiki ikianza kukohoa njiani, unainama, unafungulia rizavu, safari inaendelea. Hujaongeza hata tone. Umefungulia tu yale mafuta yaliyokuwa yamewekwa chini kwa ajili ya kukufikisha kituoni. Anayesahau kwamba yuko kwenye rizavu ndiye utakayemkuta anasukuma pikipiki Thika Road usiku.

Birika la mzee

Tuanze na kahawa, kwa sababu imesafiri na majeshi mengi sana.

Ubongo unapofanya kazi kutwa, hujikusanyia kemikali iitwayo adenosini. Ifikirie kama abiria. Ndani ya ubongo mna viti vyake maalumu, na kadiri viti vinavyojaa ndivyo unavyosinzia. Kafeini, ile iliyomo ndani ya kahawa na chai, ina umbo linalofanana na la adenosini. Inapanda matatu, inakalia viti vile vile, ila usingizi hauleti. Adenosini zinakuta gari limejaa, zinabaki stejini, na zinaendelea kuongezeka. Baada ya saa tano hivi, kwa watu wengi, nusu ya kafeini huwa imeshashuka. Wale waliokuwa wakingoja wanapanda kwa kusukumana, na ndiyo maana usingizi unaokuja baada ya kahawa kwisha nguvu haubishi hodi. Uchovu ulikuwepo muda wote. Ulikosa kiti tu.

Sasa twende Ethiopia, kahawa ilikotoka. Msafiri wa Kiskoti James Bruce alikuwa nchini humo kati ya 1769 na 1771, na katika maandishi aliyoyachapisha 1790 anaeleza jinsi Waoromo waliokwenda vitani kwa safari ndefu walivyobeba chakula cha ajabu machoni pake: kahawa iliyokaangwa, ikatwangwa, ikachanganywa na siagi na kufinyangwa madonge. Anasema donge moja liliwatosha kutwa nzima, na kwamba wenyewe walilipenda kuliko mkate au nyama.

Huna haja ya kupanda ndege kwenda kuona ndugu wa donge hilo. Waborana wa Marsabit na Isiolo, na jamaa zao waliohamia Eastleigh, mpaka leo hukaanga buni nzima nzima kwenye samli, zikapasuka kwa mlio, zikaliwa kwa baraka na dua kwenye shughuli za heshima. Wao huita buna. Sisi Waswahili tunaita buni. Neno ni moja, na harufu yake ikishaingia kwenye ngazi za ghorofa, jirani wote wanajua kuna wageni.

Nimelikalia donge hili kwa sababu ndani yake kuna vitu viwili ambavyo stejini vilifanywa kimoja. Siagi ni petroli: gramu moja ya mafuta ina kalori 9 hivi, zaidi ya maradufu ya gramu ya sukari, ambayo ina 4. Kahawa haikuongeza chochote kwenye tangi. Kazi yake ilikuwa kumzuia mtu asisinzie na asisikie njaa kupita kiasi. Mpiganaji angekunywa kahawa peke yake angekuwa macho, na miguu ingemgomea. Angekula siagi peke yake angepata nguvu za kutembea na pengine angelala chini ya mti wa kwanza. Waliolibuni donge hawakujua kalori wala adenosini, lakini walijua wanachofanya.

Marekani nayo ilipigana vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe, kuanzia 1861 hadi 1865, huku jeshi la Kaskazini likimgawia kila askari kahawa ya kama kilo 16 kwa mwaka. Upande wa Kusini, ambao bandari zake zilikuwa zimezingirwa, ulijitengenezea "kahawa" ya nafaka zilizokaangwa, ya mizizi, hata ya viazi vitamu. Rangi ilikuwepo. Kafeini, hakuna. Katika mapigano ya Antietam, tarehe 17 Septemba 1862, sajini wa ugavi wa miaka 19 aliendesha gari la kukokotwa na nyumbu hadi mstari wa mbele, risasi zikilia, kuwapelekea wenzake chakula na kahawa moto. Jina lake William McKinley, na mwaka 1897 akaapishwa kuwa rais. Kwenye uwanja ule wa vita wamemjengea mnara, na anayekumbukwa hapo hakukumbukwa kwa kuua mtu.

Siku hizi jeshi la Marekani lina chingamu yenye miligramu 100 za kafeini kwa kipande, karibu sawa na kikombe kimoja kizito, kwa sababu kafeini ikipitia kuta za mdomo huingia kwenye damu haraka kuliko ikisubiri tumbo. Na ule mkebe wa kijana wa tatu? Mkebe wa mililita 250 kwa kawaida huwa na miligramu 80 hivi: kikombe cha kahawa chenye sukari nyingi na bei ya juu. Habari ya mbegu za fahali inatokana na kiungo kiitwacho taurini. Mwaka 1827 wanasayansi wawili wa Kijerumani waliitenga mara ya kwanza kutoka kwenye nyongo ya ng'ombe dume, na jina likafuata: taurus ni fahali kwa Kilatini. Nyongo, si kitu kingine. Hata hiyo nyongo haitumiki tena. Inayotiwa kwenye mikebe hutengenezwa kiwandani.

Majani

Kijana wa muguka alikuwa na nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo ngumu kuing'oa.

Muguka wa Embu na miraa ya Meru ni mmea mmoja, tofauti ikiwa aina na sehemu inayotafunwa: muguka ni majani laini, miraa ni ganda la vijiti na vichipukizi. Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipopiga marufuku muguka, na mahakama ikasimamisha amri zao, nchi nzima iligeuka kuwa wataalamu wa mmea huu kwa wiki kadhaa. Wengine waliuita mboga, wengine sumu. Kikemia, kinachofanya kazi humo ni kathinoni, ndugu wa karibu wa amfetamini. Hiyo si kafeini. Haikalii kiti cha mtu. Huenda moja kwa moja kwenye ghala la ubongo na kufanya dopamini na noradrenalini, kemikali za hamasa na za tahadhari, zimwagike kwa wingi kuliko kawaida. Moyo unakimbia, presha inapanda, tumbo linasahau kudai. Rizavu imefunguliwa.

Kathinoni ina tabia moja inayoeleza mengi tunayoyaona barabarani. Jani likishakatwa, huanza kugeuka kuwa kemikali nyingine iliyo dhaifu zaidi, na ndani ya siku mbili hivi utamu wote umekwisha. Basi ndiyo sababu ya majani ya mgomba yanayofungiwa miraa, ndiyo sababu ya yale magari yanayoteremka kutoka Maua kama yanafukuzwa, na ndiyo sababu hakuna jeshi la zamani lililoweza kubeba miraa kwenda nayo vitani mwezi mzima. Ilikuwa ya watu wanaoishi karibu na miti yake, au wanaofikiwa na ndege. Mogadishu ya miaka ya 1990 ilikuwa hivyo: shehena iliingia kwa ndege kutoka huku kwetu, na wapiganaji wa mitaani walitafuna kuanzia mchana. Waliokuwa mjini humo walijifunza kuihofia alasiri. Ujasiri ule, hata hivyo, haukutoka jani moja kwa moja. Mtu asiyelala, asiyekula, mwenye bunduki na mwenye hamasa isiyo na breki ni hatari kwa kila mtu, pamoja na wenzake.

Milima ya Andes, Amerika Kusini, kulikuwa na coca, ambayo wakimbiaji waliobeba ujumbe wa dola ya Inca waliitafuna pamoja na chokaa au majivu ili jani litoe dawa yake. Jani hilo si kokeini, kama vile muwa si chang'aa. Kati yao kuna kiwanda. Afrika Magharibi kulikuwa na kola, tunda chungu lenye kafeini, lililovuka nchi kwa misafara kwa sababu, tofauti na miraa, linakaa wiki nyingi likifungwa vizuri kwenye majani mabichi. Coca, kola, miraa: zote tatu zina sifa moja ambayo wasifiaji huipita haraka. Zinaua njaa. Kwa askari ambaye mkuu wake hakumletea chakula, hiyo ilikuwa nusu ya faida. Kwa yule mkuu, pengine ilikuwa faida yote.

Vidonge thelathini

Sasa tuingie kwenye rizavu yenyewe. Mwaka 1938 kampuni ya Temmler ya Berlin ilianza kuuza vidonge vya Pervitin, ambavyo ndani yake mlikuwa na methamfetamini. Viliuzwa madukani kwa mtu yeyote. Jeshi la Ujerumani likavipenda: kati ya Aprili na Julai 1940, wakati wa kuvamia Ufaransa, jeshi la nchi kavu na la anga lilipokea zaidi ya vidonge milioni 35. Madereva wa vifaru waliendesha siku mbili tatu bila kulala. Askari kijana aitwaye Heinrich Böll aliwaandikia wazazi wake akiwaomba wamtumie Pervitin. Mwaka 1972 mtu huyo huyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Hata Waingereza hawakukaa nyuma. Wao walikuwa na Benzedrine, amfetamini tupu.

Huo ndio mfano ambao wapenda hadithi za "dawa ya ushindi" huusimamia. Wanaacha sehemu ya pili. Madaktari wa Ujerumani wenyewe walianza kuona askari ambao kidonge hakiwaamshi tena, na wengine waliohitaji siku nyingi kupona usiku mbili za kukesha. Kufikia katikati ya 1941 serikali yao ilikuwa imeviweka vidonge hivyo chini ya sheria ya dawa za kulevya, japo jeshini havikuisha.

Kama kuna kisa kimoja ningekisimulia stejini, ni cha Aimo Koivunen, askari wa Finland. Machi 1944 alikuwa kwenye doria ya watu wanaoteleza kwa mbao juu ya theluji, ndani ya Lapland, Warusi wakiwafukuza. Alikuwa amechoka kiasi cha kutaka kulala chini. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa amebeba Pervitin ya kikosi kizima. Mikono imevaa glavu nene, kidonge kimoja hakishikiki, watu wanakuja nyuma. Akamimina vyote mkononi, vidonge 30, akavimeza.

Kwa muda alipaa. Halafu dunia ikaanza kumpindukia. Alipozinduka alikuwa peke yake, hana chakula, hana risasi. Akaendelea kuteleza kwa siku kadhaa, akiona vitu visivyokuwepo, akala vichipukizi vya msonobari na ndege mmoja aliyemkamata na kumla mbichi. Akakanyaga bomu la ardhini, akalala kwenye shimo huku amejeruhiwa. Walipompata alikuwa amevuka kilomita zaidi ya 400, moyo unapiga karibu mara 200 kwa dakika, mwili umebaki kilo 43. Alipona, akaishi hadi 1989.

Ukisikia kisa hiki mara ya kwanza unakisikia kama sifa ya dawa. Kisikilize tena ukizingatia zile kilo 43. Vidonge havikumpa kilomita hata moja. Zile kilomita 400 alizilipa kwa nyama ya mwili wake mwenyewe.

Pombe nitaipitia haraka, maana si kichangamsho, ingawa ndiyo iliyogawiwa kwa utaratibu zaidi. Mabaharia wa jeshi la Uingereza walipewa ramu kila siku mpaka tarehe 31 Julai 1970. Wasovieti waliwapa askari wa mstari wa mbele gramu 100 za vodka kwa siku kuanzia 1941. Haikuwapa nguvu wala kuwaamsha. Ilizima woga, na woga ukizimwa na akili hupunguzwa mwanga. Na kwa walinzi wetu wa usiku wanaoamini kwamba kinywaji kikali huondoa baridi ya Julai: pombe hufungua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, unahisi moto kwa sababu joto la ndani linatoka nje. Ni kama kufungua mlango wa nyumba ili kuwapasha watu wa barabarani.

Ni nani aliyesimulia?

Kuna swali ambalo ningependa tujizoeze kuliuliza kila tunapoletewa hadithi ya wapiganaji waliolewa dawa: msimulizi alikuwa upande gani?

Chukua wale wapiganaji wa Skandinavia walioitwa berserki, wanaosemwa kwamba walipigana huku wanauma ngao zao na hawasikii maumivu. Mtandaoni utaambiwa walikula uyoga wenye sumu, kana kwamba kuna mtu aliyewaona. Wazo hilo lilitolewa na msomi wa Uswidi, Samuel Ödmann, mwaka 1784, karne nyingi baada ya wapiganaji wenyewe kuzikwa. Hadithi za kale za Waskandinavia zinawataja berserki mara nyingi. Uyoga haziutaji hata mara moja.

Au chukua Wanizari, Waismaili wa ngome ya Alamut huko Uajemi, ambao Wazungu waliwaita jina lililozaa neno la Kiingereza la muuaji wa kukodiwa. Maadui zao Waislamu waliwaita hashishi, wavuta bangi, na wanahistoria wengi wanalichukulia neno hilo kama tusi, mfano wa mtu kumwita mpinzani wake mlevi. Marco Polo akaja na hadithi ya bustani ya siri na vijana waliopewa kinywaji. Isome vizuri: hata katika hadithi yake, kinywaji kile kiliwalaza vijana usingizi. Hakuna anayesema walikinywa ndipo wakapigane. Alamut ilianguka mikononi mwa Wamongolia mwaka 1256, na warithi wa imani ile ndio hawa majirani zetu wenye jamatkhana pale Moi Avenue, watu ambao sijawahi kusikia wakishutumiwa kwa kupenda fujo.

Ni rahisi kusema adui yako alikuwa amevuta kitu. Hapo huna haja ya kueleza kwa nini alikuwa na sababu ya kupigana, wala kwa nini alikushinda.

Magome ya shilingi mia mbili

Turudi kwa unga wa kwenye video, maana hapo napo mna ukweli. Wamasai, ambao ndio walioupa mji huu jina, Enkare Nairobi, maji baridi, wana desturi ya morani kwenda porini kambi iitwayo orpul. Huko huchinja ng'ombe, hula nyama kwa siku nyingi, na hunywa supu iliyochemshwa pamoja na magome na mizizi. Mti mmoja unaotajwa sana ni olkiloriti, aina ya mgunga. Husifiwa kwa kusaga nyama tumboni, kuondoa uchovu na kuuwasha moyo, na watafiti wa mimea wameandika kuhusu morani walioutumia ili wawe wakali, hata wakatetemeka mwili mzima.

Nilimwendea mzee mmoja anayeuza magome karibu na Ngara, nikamuuliza kama unga ule ungemsaidia dereva wa usiku. Alicheka. "Mkubwa, hii ni ya supu. Supu iko wapi?"

Sijapata jibu bora zaidi la video ile. Mwenye kuuza pakiti amelichukua gome akamwacha ng'ombe. Morani wa orpul amekula nyama na mafuta kwa wiki, amelala, amepumzika, yuko na rika lake, wanaimba pamoja na kutiana moyo. Ukimwona ametoka kambini anang'aa, ulitaka sifa ziende kwa kijiko cha unga?

Kuimba pamoja kunatufikisha kwenye lile kundi la nne. Mwaka 1905, kusini mwa Tanganyika, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mtama, akisema risasi za Wajerumani zitageuka maji. Hamkuwa na kichangamsho chochote mle. Lakini maji yale yaliunganisha makabila ambayo hayakuwa yamewahi kupigana pamoja, jambo ambalo hakuna kidonge kilichowahi kulifanya. Risasi hazikugeuka. Kinjikitile alinyongwa mwanzoni mwa vita, na vita vyenyewe vilikwisha 1907 kwa njia ambayo watoto wetu hawafundishwi vya kutosha: Wajerumani walichoma mashamba na maghala. Waliokufa hukadiriwa kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa. Aliyetaka kuimaliza Maji Maji hakushughulika na maji. Alikwenda kwenye tangi la petroli.

Na hapa stejini tumesimama juu ya ushahidi mwingine. Kariokor ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi walioburutwa kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia kubebea Waingereza mizigo katika kampeni ya Afrika Mashariki. Makumi ya maelfu yao hawakurudi, na wengi hawakuuawa na risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria na lishe duni. Watu waliozoea ndizi, wimbi au viazi vikuu walipewa posho ya unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wakaupika harakaharaka kwa kuni mbichi, na matumbo yakaanza kukatika. Mtu hatoki huko kwa kutafuna jani.

Jioni ile sikuyasema haya yote, nani angenisikiliza? Nilirudisha kikombe, nikamuuliza mzee wa kahawa kama ana kitu cha kusindikizia. Akafunua sinia lake lililofunikwa kwa karatasi: kashata za njugu, shilingi ishirini kipande. Sukari na mafuta ya njugu mkono mmoja, kahawa chungu mkono wa pili. Donge la Waoromo, limegawanywa tu mara mbili. Kijana wa muguka aliniona natafuna, akaomba nimkatie, akala, akaomba tena. Hakuwa amekula tangu asubuhi.